Yaprakh za Fundi Vioo

Neno lenyewe lilimtoka Neriman mwaka uliotangulia, mbele ya watu, pepeo la mkaa likiwa mkononi. Walikuwa mandarini katika bonde la Sharbazher. Majira ya kuchipua yalikuwa yameshika, mto umejaa, na kila mti una familia yake chini. Shemeji yake Latif alikuwa amemaliza sahani ya pili ya yaprakh, yale majani ya mzabibu na mboga zilizojazwa mchele, akajilamba vidole na kusema dada yake Begerd, mke wa Neriman, ana mkono mtamu kuliko mkono wowote Sulaimaniya. Neriman alikuwa anageuza mishikaki, macho yanamtoka machozi kwa moshi, akaona sifa zinampita kando kama gari lisilosimama kituoni.

"Yaprakh inajipika yenyewe, bwana," akasema. "Unapanga sufuriani, unawasha jiko, unakwenda kulala. Moto ndio unaotaka akili."

Watu wakacheka. Begerd naye akacheka kidogo, akaendelea kumchambulia mama yake nyama kwenye mfupa. Neriman akalisahau neno lake kabla mishikaki haijaiva.

Begerd hakulisahau. Alilitia siki, akalifunika, akaliweka mahali pa baridi. Likakaa kiangazi, likakaa vuli, theluji ikaja ikaondoka, Nouruzi ya mwaka mpya ikapita na mioto yake milimani, na yeye kimya. Halafu ikafika Alhamisi ya kwanza ambayo jua lilitoka vizuri, na mji mzima ukaanza kupigiana simu kuulizana kesho mnaenda upande gani. Asubuhi hiyo Neriman alikuta sufuria kubwa ya mandari imewekwa mezani mbele ya kiti chake, mahali pa kikombe chake cha chai.

"Hii ya nini, mama Shilan?"

"Yaprakh," akasema Begerd. "Si inajipika yenyewe? Basi itakaa nawe. Mimi mwaka huu nitashika moto."

Neriman alidhani ni mzaha. Akamtazama usoni, akaona si mzaha.

Neriman alikuwa fundi vioo tangu ujanani, na duka lake lilikuwa mtaa mmoja na soko la mboga. Alikuwa mtu mrefu, mabega yamepinda kidogo kwa ajili ya kubeba vioo, dole gumba la kushoto lina kovu lililofanana na herufi. Kazi yake aliipenda na kuiringia. Pikapu yake ilikuwa na kiunzi cha mbao mgongoni, kimevikwa mablanketi. Kwa pikapu hiyo alikuwa amepandisha vioo vya madirisha hadi Penjwen, katika njia ambazo mbuzi wenyewe huzikanyaga kwa adabu, na vikafika vizima. Alipenda kusema kwamba mtu anayejua kufunga kioo anajua kufunga kitu chochote duniani. Hakuwa mtu wa kupunguza maneno. Kama alibeba kioo kimoja, akisimulia vilikuwa vitatu na njiani kulikuwa na dhoruba.

Hata mke alimpata kwa kioo. Latif akiwa mdogo alivunja dirisha la sebuleni kwao kwa mpira, na Neriman akaitwa. Akapima, akakata, akaja kupachika. Kioo kikawa kifupi. Akaomba radhi, akapima tena, akakata tena, kikawa kirefu. Mara ya tatu mama mwenye nyumba, Amine, aliyekuwa akimletea chai kila mara, alisimama mlangoni akamwambia, "Kijana, ama hujui kazi, ama una neno. Kama hujui kazi nenda. Kama una neno, mlete mama yako." Jumatatu iliyofuata mama yake akaenda, na kioo kikaingia bila tatizo.

Basi mtu wa namna hiyo hakubali kushindwa na majani. Neriman akanywa chai yake amesimama, akavaa koti, akasema, "Kazi ndogo. Kesho mtajilamba," akatoka kwenda sokoni.

Sokoni alijua nusu ya mambo. Alijua kunatakiwa majani ya mzabibu, vitunguu, biringani changa, mchele, na mbavu za kondoo za kulaza chini ya sufuria. Hakujua kiasi. Muuza majani, mwanamke mwenye kilemba cha buluu, alimuuliza watu wangapi.

"Familia tu."

"Familia ya kwenu au familia ya kawaida?"

Neriman akasema ampe tu, na akapewa furushi ambalo lingeweza kuvika kondoo mzima. Njiani kurudi, akiwa amekumbatia mzigo kifuani, akasimama nyuma ya duka lake akampigia binti yake Shilan, aliyeolewa na kuishi ng'ambo ya mji.

"Shilan, roho yangu, nikuulize kitu. Mchele mama yako huwa anauchemsha kwanza au anautia mbichi?"

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa. Kisha Shilan akasema, "Baba, mama kaniapisha."

"Kakuapisha nini?"

"Nisikwambie kitu. Kanishikisha mkate mkononi nikaapa."

Neriman akafikiri. Mtu aliyeapa hawezi kusema, lakini hakuna kiapo kinachokataza mtu kuugua. "Haya. Usiseme. Kama ni mbichi, kohoa."

Shilan akakohoa.

"Na mchuzi wa kukandia mchele, ni nyanya ya kopo na shira ya komamanga?"

Akakohoa.

"Na kitunguu saumu? Na majani ya shibiti? Na nyama ya kusaga?"

Shilan akakohoa mfululizo mpaka mumewe akasikika kwa mbali akimuuliza kama amtafutie dawa. Neriman akakata simu kwa furaha, akaona mambo yamekwisha. Swali la kukaza au kulegeza mkunjo halikumjia, na Shilan hakuwa na namna ya kulikohoa.

Alasiri akatandaza kazi yake yote juu ya meza ya jikoni. Begerd akakaa sebuleni, mlango wazi, tamthilia yake ya Kituruki ikiendelea, sahani ya mbegu za tikiti mapajani. Kutoka pale aliweza kuona kila kitu.

Jambo la kwanza lililomkera Neriman ni kwamba majani hayakulingana. Moja kubwa, moja dogo, moja limepinda sikio. Mtu gani mwenye akili anaanza kazi na vipande visivyolingana? Akaenda kuleta rula yake ya chuma na kisu cha kazi, akayalaza majani moja moja, akayakata yote yawe mraba. Yale mabaki ya kingo yakajaa bakuli. Kisha akaanza kukunja. Alitia mchele mpaka ukingoni, akakunja, akakaza, akabana ncha kwa dole gumba lenye kovu, akalitazama kwenye mwanga. Ilikuwa yaprakh iliyonyooka kama sigara. Akakunja nyingine, nayo ikawa pacha wake. Akazipanga kwenye sinia kwa mistari, na akaona, wallahi, hajapata kuona yaprakh nzuri kama hizi.

Begerd alikuja jikoni kuchukua maji. Alipita nyuma yake, akasimama kidogo, akatazama ile sinia.

"Hm," akasema, akarudi sebuleni.

Neriman akaendelea kukunja, lakini ile "hm" ilikuwa imemwingia kama kibanzi. Akaitazama sinia upya. Hm ya nini? Ya kwamba nzuri, au ya kwamba mbaya? Katika ndoa yao alikuwa amesikia hm za kila aina na alidhani anazijua zote. Hii haikuwa katika zile. Akashindwa kuvumilia, akaenda mlangoni na mikono imejaa mchele.

"Umesema hm."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Hm ya nini?"

"Koo lilinikwama," akasema Begerd, akamenya mbegu. "Nadhani ni hiki kikohozi cha Shilan."

Neriman akarudi mezani, akachukua jani jingine.

Alikunja mpaka jua likazama. Vitunguu alivichemsha, akavivua maganda moja moja, akavijaza. Hivi vilimpendeza kwa sababu ganda la kitunguu hujikunja lenyewe, halina haja ya kulazimishwa. Biringani alizitoboa akazijaza kama bunduki. Alilaza mbavu chini, akapanga vyote juu yake kwa duara, tabaka juu ya tabaka. Kisha akakumbuka kwamba Begerd huweka kitu kizito juu ili visielee. Sahani ipi? Akafungua kabati, akaona sahani zote ni nyepesi mno kwa kazi yake. Akashuka dukani, akarudi na kioo cha mviringo, kinene, cha kuhimili moto, ambacho mwenye mkahawa mmoja alikiagiza zamani asirudi kukichukua. Kiliingia sufuriani kama kilichopimwa. Tena mtu aliweza kuinama akaziona yaprakh zimelala chini yake, kijani kibichi, kama samaki chini ya barafu. Neriman akainama akazitazama kwa muda mrefu.

Asubuhi ya Ijumaa akazipika, na zilipochemka nyumba ikanukia jinsi inavyopaswa kunukia, na moyo wake ukatulia. Kisha ikaja kazi ya kufunga, na hapo alijua yuko nyumbani.

Alifunga mandari ile kama mzigo wa vioo vya msikiti. Sufuria aliizungusha blanketi mbili na kuikaza kwa mkanda wa lori. Vikombe vidogo vya chai kila kimoja kilipata gazeti lake. Samawari aliisimamisha kwenye sanduku la mbao akaizibia pembeni kwa magunia. Nyanya na matango yakavikwa taulo. Mabusati yakawa ukuta wa kulia, mito ikawa ukuta wa kushoto, na juu ya yote akapitisha kamba, akaifunga fundo lake mwenyewe ambalo halijapata kulegea kati ya Sulaimaniya na Penjwen. Begerd alipakia vitu vyake kwa mkono mmoja: gunia la mkaa, jiko la kuchomea, beseni la vidari vya kuku vilivyolala kwenye mtindi, kiberiti. Akaingia mbele, akavuta mkanda, akangoja.

Mama Amine alikaa katikati yao, amevaa gauni lake la maua na koti la sufu, mikono juu ya bakora. Umri ulikuwa umemla meno yote lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Nani amepika leo?" akauliza.

"Mkweo," akasema Begerd.

Bibi akamgeukia Neriman, akamtazama kama siku ile ya kioo cha tatu. "Mungu mwema," akasema. "Tutakula njiani?"

Waliendesha polepole mno, kwa heshima ya sufuria. Magari yaliyobeba familia nyingine yaliwapita yakipiga honi, vitambaa vinapeperushwa madirishani, ngoma zinalia. Trekta nalo likawapita. Walipofika mtoni, Latif na mkewe na watoto, na Shilan na mumewe, walikuwa wamefika zamani, wamekaa juu ya mawe, wanakula lozi mbichi kwa kukosa kingine, maana mabusati yote yalikuwa kwenye pikapu.

"Karibu, kaka," akasema Latif. "Tulikuwa tunapanga matanga."

"Haraka ya nini? Angalia kama kuna kikombe kimevunjika. Fungua uone."

Kikombe hakikuvunjika hata kimoja. Lakini hakuna aliyeweza kukifikia. Fundo lilikuwa halifunguki. Neriman alilipigia magoti, akalivuta kwa meno, Latif akashika upande wa pili, mume wa Shilan akashauri, watoto wakalia njaa.

"Leteni kisu," akasema Neriman. Kisha akakumbuka hakuleta kisu. Akamwendea Begerd, ambaye alikuwa amekwisha kupanga mawe yake na kumwaga mkaa.

"Una kisu?"

"Cha moto au cha chakula?"

"Kisu, mama Shilan. Kisu ni kisu."

"Cha moto ninacho," akasema Begerd. "Cha chakula si idara yangu." Hata hivyo alimpa, na kamba ikakatwa.

Hakukuwa na vijiko pia. Hakukuwa na chumvi ya matango. Hakukuwa na majani ya chai, ingawa samawari ilikuwa imesafiri kama bibi harusi. Ndipo Neriman alipoanza kukumbuka mfuko fulani wa kitambaa, wenye mistari, ambao kila mwaka ulikuwa ukining'inia begani kwa Begerd, na ambao yeye alizoea kuulalamikia kuwa unachukua nafasi. Chochote ulichotaka mandarini ulisema, na mkono wa Begerd uliingia mle ukatoka nacho. Alikuwa hajapata kujiuliza kinaingiaje.

"Ule mfuko wako wa mistari uko wapi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nyumbani. Umepumzika."

Ikabidi Neriman akaombe. Mti wa pili palikuwa na familia kubwa kutoka mji wa Hewler, wamejitandaza kama sultani, na mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko, aitwaye Rabia. Neriman akasalimu, akaomba chumvi, na chai kidogo, na kama hawatajali, vijiko.

"Karibu, kaka yangu. Mkeo anaumwa?" akauliza Rabia akijaza sahani.

"Hapana, mzima. Yuko kwenye moto."

"Na chakula?"

"Chakula nimepika mimi."

Rabia akaacha kumimina chumvi. "Umepika nini?"

"Yaprakh."

Akawageukia wenzake. "Enyi, njooni. Kuna mwanamume wa Sulaimaniya amepika yaprakh." Na wakaja, siyo kwa ubaya, wanawake wanne na wazee wawili, wakifuta mikono, wakamfuata Neriman mpaka kwake, wakasimama kwenye ukingo wa busati. Watu wa mti wa tatu walipoona watu wamesimama, nao wakasimama.

Sasa, yaprakh haipakuliwi kwa mwiko. Inafunikwa sinia, sufuria inapinduliwa juu chini mara moja, inaachwa itulie, halafu inanyanyuliwa taratibu, na hapo aibu au heshima ya mpishi hubaki pale siniani katikati ya watu. Neriman alishika upande mmoja, Latif upande wa pili.

"Kaka, ukiniangusha," Neriman akamnong'oneza, "sitakusamehe."

"Nimekuvunjia dirisha ukapata mke. Leo nikikuvunjia sufuria, nani anajua."

Wakapindua. Ndani kukasikika kishindo kizito, kama mtu ameanguka kitandani. Wakangoja. Neriman alitamka bismillahi, akanyanyua. Mvuke ukapanda, na yaprakh zikasimama, mnara mzuri wa duara, mbavu zikiwa juu kama taji. Wanawake wa Hewler wakasema mashallah. Kisha Latif akainama, akatazama chini ya mnara, akagusa kwa kidole.

"Kaka, mbona kuna dirisha humu?"

Neriman alikuwa amesahau kukitoa kioo. Mnara wote ulikuwa umekalia kile kioo juu ya sinia, unang'aa.

"Hicho ni kizito cha kukandamizia."

"Mimi nilidhani tukitaka hewa tunafungua," akasema Latif, na bonde zima likacheka, Rabia akicheka kwa bangili zote.

Wakakaa, wakala. Neriman hakukaa. Alizunguka busati, akamsogezea huyu mtindi, akamwondolea yule kiatu kwenye kona, akampa mtoto wa Latif biringani, akamrudishia Mama Amine mto mgongoni. Njaa alikuwa nayo asubuhi. Sasa ilikuwa imepotea, kwa kuonjaonja au kwa hofu. Alikuwa anatazama midomo ya watu.

Walikuwa wanatafuna. Wakati fulani akasikia sauti ndogo, kru, kama mtu amekanyaga changarawe. Mume wa Shilan akameza kwa taabu, akatazama mto.

"Wali vipi?" akauliza Neriman.

"Upo," akasema Latif.

"Upo vipi?"

"Upo tu, kaka. Kila punje unaisikia peke yake."

"Chumvi?"

"Chumvi ipo pia."

Neriman akachukua yaprakh moja, moja ya zile pacha alizozibana, akaitia mdomoni. Nje jani lilikuwa laini, chachu yake nzuri, shira ya komamanga inasikika. Ndani mchele ulikuwa umekaa vile vile alivyoufungia jana, mgumu, hauna pa kwenda. Akatafuna mpaka mwisho kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Alikuwa ameinamia vitu hivi alasiri nzima. Mgongo ulikuwa bado unamuuma. Na watu wanakula na kuzungumza habari ya barabara mpya ya Dukan. Hapakuwa na ubaya katika hilo. Ndivyo watu wanavyokula. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akila siku zote, mkono mmoja mdomoni, mwingine ukionyesha kitu mbali.

Mama Amine ndiye aliyenyanyua kichwa. Alikuwa ameacha majani, amekusanya vitunguu vyote vilivyo karibu yake, anavifyonza kimoja kimoja bila haraka.

"Vitunguu hivi nani kavifanya?" akauliza.

"Mimi, mama," akasema Neriman, akisogea karibu.

"Vizuri," akasema bibi. "Mtu hahitaji meno." Akanyoosha sahani apewe vingine.

Neriman alimpakulia, akamwongezea na kimoja. Baadaye aliwahi kumwambia Latif kwamba sifa ile ilimpendeza kuliko siku alipopachika vioo vyote vya shule, ingawa Latif akamkumbusha kwamba alipachika vya madarasa mawili tu.

Wakati huo huo upande wa moto mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Begerd alikuwa amewasha mkaa kwa kijiti kimoja, na tangu hapo akawa mtu mwingine. Alisimama na pepeo, mkono kiunoni. Wanaume waliomjia kushauri aliwafukuza. Alimsimulia mke wa Latif namna upepo unavyotaka kusomwa. Alimwambia mume wa Shilan kwamba chakula cha sufuria mtoto pia anaweza, lakini huku kunataka jicho. Na akiwa katika kusimulia, jicho likaenda kwingine, vidari vya kuku vikashika moto upande mmoja. Neriman alikuja na sahani akavikuta vyeusi kama masizi.

"Vimeungua," akasema.

Begerd akavitazama kwa utulivu. "Mkaa wa mwaka huu si mzuri," akasema.

Ilikuwa sentensi yake Neriman, neno kwa neno, ya kila mwaka. Wakatazamana juu ya moshi. Begerd ndiye aliyeanza, mabega yakamtikisika, akaficha uso kwa pepeo; halafu Neriman naye akashikwa, akacheka mpaka akaweka sahani chini.

Baada ya chakula Begerd akajilaza kwenye busati, akajifunika ushungi usoni, kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Neriman akabeba vyombo mpaka mtoni. Maji yalikuwa ya theluji na yalimkata vidole. Aliisugua ile sufuria kwa mchanga, na mafuta ya mbavu yalikuwa yameganda upande mmoja yakakataa kuondoka. Akasikia hatua, Begerd akachuchumaa kando yake, akachukua kijiko akaanza kukwangua.

"Si umelala?"

"Nani alale na kelele hii unayofanya."

Wakasugua. Baada ya muda Neriman akasema, bila kumtazama, "Lile neno la mwaka jana."

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Mwaka jana ulisema mengi, baba Shilan. Ulisema pia uliwahi kuona dubu huko Mawat."

"Dubu nilimwona." Akainua sufuria, akaimwagia maji. "Haijipiki yenyewe."

Begerd aliendelea kukwangua. Hakusema nilikwambia, wala hakusema hm. Alipokwisha, akasuuza kijiko na kumwambia, "Uliukaza mno. Mchele ni kama mgeni, unavimba ukikaribishwa. Uachie nafasi. Na jani halikatwi, wewe mtu. Zile kingo ndizo zinazofunika."

"Kwa nini hukuniambia jana?"

"Jana ungenisikia?"

Neriman akafikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema.

Walipopanda kutoka mtoni, wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlima Azmar, na matone ya kwanza yakaanguka mazito. Mvua ya Aprili haina salamu. Bonde zima likainuka kwa pamoja, watu wakikokota mito, watoto wakibebwa kwapani. Latif na mume wa Shilan wakatandaza turubai juu ya pikapu na kuifunga kwenye matawi, na familia ya Hewler, ambayo haikuwa na turubai, ikaitwa kwa mikono, ikaja ikikimbia na samawari yao ikiwa bado inatoa mvuke. Wakabanana wote chini, magoti kwa magoti, Mama Amine katikati akiwa mkavu kama jiwe la jikoni.

Rabia alikuja ameshika sahani ambayo Neriman alikuwa amempelekea yaprakh wakati wa chakula, kwa ujirani. Sahani ya jirani hairudi tupu. Juu yake aliweka yaprakh zake mwenyewe. Neriman akachukua moja. Iliyeyuka kabla hajaamua kuitafuna. Akachukua ya pili, akaigeuza mkononi, akaikagua mkunjo wake.

"Dada Rabia," akasema, "mchele wako unauloweka?"

"Nauloweka, kaka. Siyo sana, kiasi cha kumenya kitunguu saumu."

"Na unajaza jani mpaka wapi?"

"Nusu. Na nusu ni nyingi."

"Hapo ndipo hatuelewani," akadakia Begerd. "Huku kwetu hatuloweki."

"Kwa sababu ya mchele wenu. Mchele wetu wa Akre ni mwingine."

"Akre, ndiyo, lakini moto wake?" akauliza Neriman, akijisogeza katikati yao. "Unaanza mkali au unaanza mdogo?"

Upande wa pili wa pikapu Latif alikuwa amekwisha kugawa dhumna juu ya sanduku lililogeuzwa. Akaita mara moja, akaita mara ya pili. "Kaka, ni zamu yako. Tunakungoja."

"Chezeni kwanza," akasema Neriman bila kugeuka. "Nakuja." Kisha akamsogelea Rabia kwa sababu mvua ilikuwa inapiga turubai kwa nguvu na hakutaka limpite neno. "Anza tena hapo kwenye biringani. Unazitia chumvi kabla, au baada?"